Msumari wa Mlinzi

Ngumi ya Ngome ilikuwa na vifundo vitatu na shimo moja, na hapakuwa na mtu aliyeijua ngumi ile kuliko Mchoraji. Alikuwa ameichora kwa miaka sita. Aliichora ikivunja taya, ikipasua ukuta wa benki, ikitoboa bati la gari, ikimnyanyua jambazi kwa ukosi wa shati na kumtumbukiza pipani. Angeweza kuichora amefumba macho huku anakunywa chai na kulalamikia bei ya wino. Kifundo cha kwanza mviringo, cha pili kikubwa kuliko vyote, cha tatu hakipo, kimedidimia kama kitufe kilichobonyezwa kikakwama, na cha nne kidogo, kimekaa pembeni.

Jumanne ile, saa nne asubuhi, alikuwa amefika ukurasa wa kumi na nne. Ngome alikuwa anampasua Bwana Masizi mdomo, na Mchoraji alikuwa anayawekea wino meno yanayoruka. Ndipo mdogo wake akaingia na chupa ya chai, kitambaa cha kichwa amekivuta mpaka karibu na kidevu. Lakini kabla hatujafika huko inabidi nikueleze habari za ukuta, maana bila ukuta ule hakuna hata moja kati ya haya ambalo lingetokea.

Karakana ya katuni ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vifaa vya shule. Meza mbili, dirisha moja la juu, mashine ya kukatia karatasi ambayo kila mtu aliiogopa, na ukutani misumari saba. Chini ya kila msumari palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: Mteule, Mlinzi, Mwalimu, Mjanja, Kigeugeu, Zimwi, Wa Kuokolewa. Hiyo ndiyo ilikuwa dini ya Mhariri. Mhariri alikuwa mwalimu mstaafu, miwani imefungwa kwa uzi, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba dunia haijawahi kupata shujaa mpya.

"Mvalishe joho, mtie umeme vidoleni, mrushe angani," alikuwa akisema, "bado ni yule yule ambaye nyanya yako alikusimulia ukiwa hujaota meno. Tafuta msumari wake kwanza, ndipo uchore."

Basi hakuna shujaa aliyeingia ukurasani kabla kadi yake, yenye picha na jina, haijatundikwa. Kijana wa Nyota alikaa kwa Mteule, na alikuwa yatima, kwa sababu Mteule mwenye wazazi wawili wazima wanaomtuma dukani hapati nafasi ya kuokoa dunia. Bibi Radi, kikongwe anayerusha umeme kwa mkongojo, alikaa kwa Mwalimu, maana kila hadithi ina mtu mmoja anayejua mambo yote na anayekata roho kabla hajamaliza kuyasema. Kidole Chepesi, mwizi anayepenya kuta, alikuwa Mjanja, mfupi wa mwili na mrefu wa ulimi. Bwana Masizi alikuwa Zimwi. Zamani mazimwi yalikula watoto, siku hizi yanavaa suti na kula mitaa mizima, lakini tumbo ni lile lile.

Kanuni ya pili ilikuwa ya Mchoraji mwenyewe: hachori mwili wa kubuni. Kila shujaa alikuwa na mtu wake wa kweli. Bibi Radi alikuwa muuza nyuzi wa upande wa pili wa barabara. Bwana Masizi alikuwa mwenye nyumba aliyewahi kumtolea Mchoraji vyombo nje, na hapo, alikiri, alikuwa analipiza kisasi.

Na Ngome alikuwa shemeji yake.

Shemeji alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Wakati huo alikuwa bado mchumba tu wa mdogo wake, na ndiye aliyetengeneza mlango wa chuma wa karakana. Siku ya kuuleta, ule mlango uliteleza kwenye lori ukamwendea Mhariri, aliyekuwa amesimama pale na kikombe chake cha chai akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Watu wanne walikuwa wameubeba kwa taabu. Shemeji aliudaka peke yake, mikono juu, magoti yamekunjwa, mishipa ya shingo imetutumka, ngumi moja imebanwa kati ya chuma na ukuta. Kifundo kile kilipondeka papo hapo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzee, sogea kidogo, tafadhali."

Jioni ile ile Mchoraji alimtundika kwenye msumari wa Mlinzi. Jalada la toleo la kwanza lilikuwa Ngome ameshikilia mlango wa chuma kwa mikono miwili, na mji mzima ukachizika. Watoto walimwamkia Shemeji barabarani kwa jina la Ngome. Wateja walitaka milango ya Ngome. Hata mama wa Mchoraji na mdogo wake, ambaye hajawahi kusoma katuni maishani, aliweka jalada lile sebuleni.

Mdogo wake naye alitundikwa, kwenye msumari wa mwisho, Wa Kuokolewa. Alikuwa mshonaji, mwembamba mpaka nyumbani wakamwita Sindano, na tangu utotoni Mchoraji ndiye aliyembeba mgongoni na kumpigania. Katika katuni aliitwa Dada Maua. Kila toleo alitekwa, na kila toleo Ngome alimtoa.

Sasa turudi kwenye chupa ya chai.

Sindano aliinama kumimina, kitambaa kikateleza. Mchoraji akainua macho kutoka kwenye meno ya Bwana Masizi, akaona shavu la mdogo wake, chini kidogo ya sikio. Lilikuwa na alama tatu, bluu inayoanza kugeuka kijani. Mbili zimekaa pamoja, kisha ngozi safi, kisha ya tatu, ndogo, pembeni.

Akatazama shavu. Akatazama ukurasa, wino haujakauka. Akatazama shavu tena.

"Umefanya nini hapo?"

"Niligonga bomba la bafuni," Sindano akasema, na mkono ukaenda kwenye kitambaa.

"Bomba lina vifundo?"

 Sindano aliweka chupa chini taratibu, akakaa kwenye kigoda cha rangi.

"Tangu lini?" Mchoraji akauliza.

"Dada, mbona nilikwambia."

Na kweli alikuwa amemwambia. Mchoraji alikumbuka, na kumbukumbu ile ilimchoma kuliko pasi. Miaka miwili nyuma, hapo hapo, Sindano alisema kwa sauti yake ndogo, "Dada, shemeji yako ana mkono mzito." Mchoraji alicheka. Hakuinua hata kichwa. "Si ndiyo maana akaitwa Ngome?" alisema, akaendelea kuchora. Alikuwa amemtundika mtu ukutani, na tangu hapo akawa anautazama ukuta badala ya kumtazama mtu. Alijichukia. Alijichukia mpaka mate yakawa machungu mdomoni.

"Jana alinipiga mara ngapi sikuhesabu," Sindano akasema. "Leo asubuhi alinoa kisu cha jikoni mbele yangu, polepole, huku anapiga mluzi. Akasema nikirudi tena kwako kushinda, atanikata mguu mmoja nijifunze kukaa nyumbani. Dada, maji yamenifika shingoni. Akinipata leo ataniua."

Mchoraji alifunga kizibo cha wino. "Vaa viatu. Tunakwenda polisi."

Kituo hakikuwa mbali. Nyuma ya kaunta alikaa koplo mnene mwenye sura ya upole, na alipoambiwa ni nani amesimama mbele yake, alitoa macho.

"Wewe ndiye? Mwenyewe? Mama wee!" Akafungua droo. Ndani, juu ya mihuri na karatasi za serikali, zilikuwa katuni zao, zimepangwa kwa namba. "Mimi na binti yangu tumeanza toleo la kwanza. Tunabishana kila siku. Eti kile kifundo cha tatu, mbona huwa hakipo? Mimi nasema ni kosa la uchapaji. Binti anasema ni makusudi."

"Ni cha shemeji yangu," Mchoraji akasema. "Ngome ni shemeji yangu. Na ndiye aliyemletea mdogo wangu hali hii. Anataka kumuua. Andika, Afande."

Kicheko cha Koplo kilififia, lakini si chote. Kikabaki pembeni ya mdomo.

"Ngome? Yule fundi? Yule si ndiye aliyeudaka mlango kwa mikono?" Akatikisa kichwa. "Dada yangu, nyumba zote zina kelele. Yule mtu ni mlinzi, damu yake imeumbwa hivyo. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

"Mtazame shavu!"

Hakulitazama. Macho yake yalikuwa kwenye jalada, kwa mtu aliyempenda miaka sita. Akawaambia wakae kwenye benchi wapoe, akaingia ofisi ya ndani. Aliporudi alikuwa anatabasamu kama mtu aliyefanya jambo jema.

"Nimempigia simu. Anakuja. Mtayamaliza kama watu wazima, na mimi nitapata sahihi yake."

Sindano alikuwa amekwisha kusimama. Walitoka pale bila kuaga. Barabarani walikimbia, na Mchoraji alijua mahali pamoja tu penye mlango ambao watu wanne huubeba kwa taabu.

Mhariri alikuwa peke yake karakanani, anasahihisha herufi. Mchoraji alisukuma komeo mpaka mwisho, akamweleza kwa pumzi moja. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mlango huu hauvunjiki," akasema.

"Mzee," Sindano akasema kwa sauti ndogo, "bawaba ziko upande gani?"

Wote watatu waligeuka. Bawaba zilikuwa nje. Shemeji aliziweka nje ili aweze kuja kuzipaka mafuta bila kuwasumbua, na walikuwa wamemshukuru sana kwa ukarimu ule.

Alifika ndani ya nusu saa. Hawakumsikia akiita wala akigonga. Walisikia nyundo, tak, tak, kwa utulivu wa mtu aliye kazini. Pini ya juu ikaanguka sakafuni huko nje. Kisha ya chini. Mlango ukawa umesimama kwa uzito wake tu, umeshikwa na komeo upande mmoja, na upande wa pili ukavutwa nje kidogo kidogo, mwanga ukaingia, na bega la Shemeji likafuata.

"Habari za saa hizi," akasema. "Shemeji, sina ugomvi na wewe. Nipe mke wangu niende."

Mhariri alisimama katikati, kikombe mkononi.  "Mwanangu, tukae chini tuzungumze. Mimi uliniokoa uhai. Nakuheshimu kama—"

Shemeji alimwekea kiganja kwenye paji la uso, akasukuma. Kisogo cha mzee kiligonga pembe ya mashine ya karatasi, akaporomoka juu ya kurasa. Damu ikaenea kwenye ukurasa wa kumi na nne, ikapita juu ya Bwana Masizi, ikamfikia Ngome. Mzee alikuwa anapumua kwa kukoroma.

Mchoraji alichukua rula ya chuma, ile ya mita moja, yenye ukingo mkali kutokana na miaka ya kukatia karatasi. Sindano alikuwa nyuma yake, ameegemea rafu. Na hapa Mchoraji alipiga moyo konde kwa sababu alijua kitu. Ngome hupiga kulia, kulia, kulia, kisha hushusha bega la kushoto kuvuta pumzi. Alikuwa amelitazama lile bega kwenye karakana ya vyuma, nyundo ikipanda na kushuka, na katika toleo la thelathini alimpa Bwana Masizi siri ile. Ndicho kitu pekee kilichowahi kumwangusha Ngome.

Ngumi ya kwanza aliikwepa. Ya pili ilimpata ubavuni, kitu kikaachia ndani, pumzi ikakata. Kwenye karatasi mtu hupigwa akaruka kurasa mbili, halafu akajifuta vumbi. Chumbani haruki mtu. Anabaki pale pale, na maumivu yanaingia na kukaa. Ya tatu ilimpasua nyusi. Jicho moja likajaa damu, na kwa lile lililobaki akaliona bega la kushoto likishuka.

Alipiga kwa nguvu zote alizopewa na mama yake. Ukingo wa rula ulishuka kwenye sikio la Shemeji, ukalipasua mpaka chini, ukazama shingoni. Damu ilimrukia Mchoraji mdomoni.

Shemeji hakuanguka. Alishika sikio, akautazama mkono wake, akaonekana kushangaa tu. Kisha akamshika Mchoraji mkono wa kulia, mkono wa kazi, akaulaza juu ya meza kama mtu anayelaza chuma cha kunyoosha, na kuupiga kwa ngumi ile ile yenye vifundo vitatu na shimo moja. Mara moja. Mara mbili. Vidole vilivunjika kwa sauti ya penseli. Mchoraji alisikia mtu anapiga ukelele, akagundua ni yeye.

"Miaka sita umeninyonya kwa mkono huu," Shemeji akasema huku anahema. "Mafundi wananicheka, mwenzao anavalishwa joho. Sasa chora."

Akamwacha akamwendea mkewe. Sindano alimrushia chupa ya chai, ikampita. Alimrushia kopo la wino, likampasukia kifuani. Ngumi ikampata upande wa pili wa uso, ule ambao haukuwa na alama, akaanguka kwa magoti, na Shemeji akazungusha nywele za mkewe mkononi mwake kama kamba na kuanza kumvuta kuelekea mlangoni. Kitambaa cha kichwa kilibaki sakafuni. Visigino vya Sindano viliacha mistari miwili kwenye wino.

Mchoraji alijaribu kusimama, mbavu zikamkatalia. Alitambaa kwa kiwiko. Alijua wakitoka pale tu basi, yatakuwa mambo ya kile kisu kilichonolewa asubuhi, na atakuwa amemzika mdogo wake.

Shemeji alipita kwenye upenyo kinyumenyume, sasa yuko nje, anavuta. Sindano alikuwa nusu ndani, nusu nje, mwili wote umenyooka. Mkono wake mmoja ulikuwa unapapasa ule mlango, unateleza juu ya chuma, unatafuta pa kushika. Mchoraji alidhani anang'ang'ania tu asiende. Kumbe mwenzake alikuwa anatafuta komeo, lenye mpini mrefu uliofika katikati ya mlango.

Alilipata. Akalivuta.

Mlango haukuwa na kitu kingine cha kuushikilia duniani. Uliinama upande wa nje, mwanzo kwa uvivu, kisha kwa haraka, na kivuli chake kikamfunika Shemeji usoni. Ilibidi aziachie nywele. Aliinua mikono yote miwili akaudaka.

Akasimama hivyo. Mikono juu, magoti yamekunjwa, mishipa ya shingo imetutumka, damu ya sikio inamtiririka kifuani. Mchoraji aliuona mkao ule na moyo ukamruka, kwa sababu ulikuwa ule ule, mstari kwa mstari, jalada la toleo la kwanza. Na aibu kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nazo ni hii, kwamba kwa nukta moja mkono wake mzima ulinyooka kwenda kumsaidia.

"Shemeji," akasema Shemeji, meno yameumana. "Shika huku. Unateleza. Wino. Mikono ina wino."

Sindano alikuwa amejiviringisha pembeni, anajizoa kutoka sakafuni. Nusu ya nywele zake ilikuwa imeng'oka upande mmoja. Alisimama. Alimtazama mumewe.

"Usimguse, Dada," akasema. Sauti haikuwa ndogo tena.

Magoti ya Shemeji yalikwenda kwanza. Kisha mlango wote ukashuka, na sauti ya mfupa ikasikika kabla ya sauti ya chuma. Majirani walitoka mbio. Ilichukua watu wanne kuuinua.

Hakufa. Paja lilivunjika mara mbili na mikono yote miwili chini ya kiwiko, na alilazwa chumba cha tatu kutoka kwa Mchoraji, na Mhariri chumba cha jirani. Jioni Koplo alikuja na daftari. Hakutabasamu. Macho yalikuwa mekundu, na Mchoraji aliona kwamba alikuwa amelia, na kwamba hakumlilia Sindano.

"Nimetoka kumwona," akasema. "Mtu kama yule. Hata kijiko hawezi kushika." Akamgeukia Sindano, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha dada yake, kichwa kimefungwa bandeji. "Mumeo anasema uliuachia mlango kwa makusudi. Ni kweli?"

"Kweli."

"Basi simama. Nakukamata kwa kujaribu kuua. Yeye anasema alikuja tu kumchukua mkewe kama nilivyomwambia, mkamvamia watatu. Sina ushahidi kwamba amewahi kukunyooshea hata kidole."

Mchoraji alijaribu kukaa. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya plasta mpaka kiwikoni, mzito kama wa mtu mwingine. Daktari alikuwa amemwambia vidole viwili havitakunjika tena. Hakuwa na cha kuchorea, na alikuwa amechoka kuchora.

"Afande," akasema, "toleo lolote unalo hapo?"

Koplo alisita. Aibu ikampita usoni. Akatoa moja kutoka mfuko wa ndani wa koti, limekunjwa katikati. Alikuwa amelitoa drooni asubuhi ile kwa ajili ya sahihi, likabaki mfukoni.

"Fungua ukurasa wa Ngome anapiga. Wowote. Ile ngumi inayokuja mbele, kubwa. Niliichora kwa kipimo cha kweli, huwa naichora kwa kipimo cha kweli." Akameza mate. "Sasa iweke kwenye shavu lake."

"Ya nini?"

"Iweke, Afande. Nakuomba. Wewe ndiye unayeijua hiyo ngumi."

Koplo alisogea. Sindano alifumba macho, akageuza uso, akaivuta bandeji nyuma ya sikio. Karatasi ililala juu ya alama za kijani. Koplo aliitoa, akaiweka tena, akaihamisha upande wa pili wa uso, juu ya zile mpya ambazo bado zilikuwa nyekundu na zimevimba. Alipima kwa kidole gumba. Kifundo cha kwanza. Cha pili, kikubwa. Kisha mahali pasipo na kitu, ngozi safi ya mwanamke. Kisha kidogo, pembeni.

Alikaa kwenye kiti kama mtu aliyesukumwa.  Nje muuguzi alipita na kigari cha dawa, magurudumu yakilia.

"Cha tatu," Koplo akasema mwishowe. "Halikuwa kosa la uchapaji."

Akafungua daftari, akachana ukurasa aliokuwa ameanza kuuandika, akauweka mfukoni. Akaandika upya, na safari hii alimwuliza Sindano kila kitu tangu mwanzo, akawa anamtazama usoni anapojibu. Alipomaliza aliingia chumba cha tatu na pingu, na kwa kuwa mikono ya Ngome ilikuwa yote kwenye plasta, alimfunga kwa mguu mzima kwenye chuma cha kitanda. Ile katuni hakuichukua. Aliiacha juu ya shuka.

Wiki tano baadaye karakana ilifunguliwa, kwa mlango wa mbao. Mhariri alikuwa na kovu kisogoni na maneno machache kuliko zamani. Mchoraji alikuwa anajifunza kushika kalamu kwa mkono wa kushoto, na mistari yake ilikuwa kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Alisimama mbele ya ukuta, akaitoa kadi ya Ngome kwenye msumari wa Mlinzi. Kwa mazoea akainyoosha kuelekea Zimwi, mkono ukakwama hewani.

"Pale pana Bwana Masizi," Mhariri akasema kwa upole.

"Yule mwenye nyumba alinitolea vyombo tu, Mzee. Hakuwahi kunigusa."

Akaiweka kadi mezani, uso chini. Sindano alikuwa ameleta chai. Nywele zilikuwa zimeanza kuota upande ule, fupi, na hakuzifunika. Alikwenda mpaka msumari wa mwisho akajitoa, Dada Maua na gauni lake na mikono yake iliyofungwa kamba, akaichana kadi mara nne bila hasira.

Mchoraji alimtazama, akatazama ule msumari wa Mlinzi uliobaki wazi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mdogo wangu," akasema, "nikuweke pale? Ni pako. Ulistahili tangu zamani, mimi ndiye sikuona."

"Usinitundike, Dada."

"Pale ni pa heshima."

"Hata yeye ulimtundika kwa heshima." Sindano alivuta droo, akatoa koleo. Alipanda kwenye kigoda cha rangi, akaubana msumari wa Wa Kuokolewa, akaung'oa. Kisha akahamia kwa Mlinzi, ambao ulikuwa mrefu zaidi na umeingia sana, akauvuta kwa mikono miwili mpaka plasta ya ukuta ikamwagika sakafuni. 

Sindano alishuka, akaiweka misumari yote miwili kwenye kopo la wino lililokwisha, akamimina chai vikombe vitatu.

"Nitazame mimi," akamwambia dada yake. "Kaa hapo unitazame kwanza."

Mchoraji akavuta kiti.